Mifumo Endeshi Miwili Katika Kompyuta za Maktaba: Namna ya Kuipanga Ili Imfae Msomaji

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali tunaloulizwa mara nyingi na wasimamizi wa maktaba ni kama inawezekana kuweka Linux (mfumo endeshi huria, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kama ilivyo Windows) katika kompyuta za wasomaji na wakati huohuo kuiacha Windows kwa wanaoihitaji. Chanzo cha swali kinaeleweka. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, nafasi ya diski ya GB 64, na prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa, ambayo kwa upande wa Intel huanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8. Matokeo yake ni kwamba kompyuta ambayo bado ni nzima, yenye skrini safi na kibodi isiyo na kasoro, inabaki bila masasisho ya kawaida ya usalama, nayo ndiyo inayotumiwa na watu wengi tofauti kila siku kufungulia barua pepe na akaunti zao za benki.

Jibu letu ni kwamba inawezekana, na katika maktaba nyingi ni jambo la busara. Hata hivyo, ombi linalokuja kwanza karibu kila mara ni kuweka mifumo yote miwili ndani ya kila kompyuta, ili msomaji achague wakati mashine inapowaka. Mpango huo hatuushauri kwa kompyuta za umma, na tungependa kueleza sababu kwa kina, kwa kuwa juu ya karatasi unaonekana ndio wenye uhuru mwingi zaidi.

Mfikirie msomaji aliyepewa nusu saa. Anaketi, anakuta kompyuta imewaka katika mfumo asioutaka, anaiwasha upya, kisha anakutana na menyu ya maandishi meupe juu ya skrini nyeusi inayohesabu sekunde kabla ya kujichagulia yenyewe. Akichelewa kubonyeza, anarudishwa kulekule alikotoka. Akiwahi, huenda akaikuta Windows imeanza kujisasisha na kumtaka asizime mashine. Pale ambapo diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba data, badiliko dogo katika utaratibu wa kuwaka linaweza kuleta skrini inayodai ufunguo wa tarakimu 48, ambao msomaji hana, na pengine hata mkutubi wa zamu hana.

Zipo pia kasoro zisizoonekana haraka. Windows ikiachwa na mpangilio wake wa kuwaka upesi, haizimiki kabisa, na sehemu yake ya diski hubaki katika hali ambayo Linux hukataa kuiandikia. Vilevile, Windows huisoma saa ya ndani ya mashine kama saa ya mahali ilipo, ilhali Linux kwa kawaida huisoma kama saa ya dunia, UTC; kwa hiyo mfumo mmoja ukimpisha mwingine, saa inaweza kuruka mbele au nyuma hadi mtandao utakapoirekebisha, na programu inayopima muda wa msomaji ikamkatishia kazi kabla ya zamu yake kwisha. Zito kuliko yote ni kwamba mfumo uliolala haupokei masasisho. Iwapo mfumo mmoja haukuchaguliwa na mtu yeyote kwa mwezi mzima, siku utakapoamshwa utakuwa na matundu ya usalama ya mwezi mzima, na msomaji wa kwanza ndiye atakayeyabeba.

Kwa sababu hizo, sisi huweka mfumo mmoja katika kila kompyuta na kuhamishia uchaguzi kwenye kiti. Baadhi ya kompyuta hubaki na Windows 11, nyingine huwekewa Linux, na zote huwekewa alama inayosomeka kwa mbali. Pale mapokezi, msomaji haulizwi anataka mfumo gani, kwa kuwa wengi hawana sababu ya kuujua. Anaulizwa amekuja kufanya kazi gani. Kujaza fomu mtandaoni, kusoma barua pepe, kutafuta kazi, kuandika barua na kuichapa ni kazi zinazofanyika vizuri katika mifumo yote miwili, kwa kuwa Firefox na Chrome zipo kote kote. Windows tunaihifadhi kwa ajili ya programu zisizo na toleo jingine, majedwali ya Excel yenye makro (amri zinazotekelezwa zenyewe), na baadhi ya mitihani ya mtandaoni inayokubali mifumo maalumu tu.

Kundi moja la wasomaji halipaswi kusahaulika katika mgawanyo huu, nalo ni wasioona. Linux ina kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kiitwacho Orca, na kinafanya kazi. Lakini mtu aliyejifunza NVDA au JAWS, ambazo ni za Windows, ana mamia ya mibonyezo ya kibodi vidoleni mwake, na kumtaka ajifunze upya katika nusu saa ya zamu yake ni kumnyima huduma. Tunasisitiza kwamba angalau kompyuta moja ya Windows iwe na kisoma skrini kilichokwisha kupangwa, ipatikane mahali panapofikika bila vikwazo, na isipangiwe mtu mwingine wakati msomaji huyo anaisubiri. NVDA haina malipo ya leseni, kwa hiyo gharama haiwezi kuwa kisingizio.

Jambo jingine linalostahili uangalifu ni nyaraka. LibreOffice, programu ya ofisi tunayoitumia katika Linux, hufungua faili za Word, lakini fonti za Calibri na Cambria kwa kawaida hazimo katika Linux, na fonti mbadala isiyolingana nazo husukuma mistari. Wasifu wa kazi uliokuwa ukurasa mmoja huwa ukurasa mmoja na mistari miwili, na msomaji hugundua hilo akiwa tayari amesimama kwenye printa. Dawa ipo na ni rahisi: fonti ya Carlito ina upana wa herufi unaolingana na Calibri, Caladea unalingana na Cambria, na familia ya Liberation hulingana na Arial, Times New Roman na Courier New. Tunazisakinisha zote kabla ya kompyuta kukabidhiwa. Aidha, tunaipanga LibreOffice ihifadhi faili kwa muundo wa docx. Wapo wataalamu wanaopendelea muundo huria wa ODF, ambao ni kiwango cha kimataifa cha ISO, na hoja yao tunaiheshimu. Hata hivyo, msomaji wa maktaba huondoka na faili yake kwenye flashi na kuifungua kwenye kompyuta asiyoichagua yeye, na kwetu mahitaji yake ndiyo yanayotangulia.

Baada ya kila zamu, mifumo yote miwili lazima itoe ahadi ileile: hakuna alama ya msomaji aliyetangulia. Katika Linux tunatumia akaunti ya mgeni ambayo faili zake zote hufutwa anapotoka, na katika Windows programu inayoirudisha diski katika hali yake ya awali mashine inapowashwa upya. Watu husahau kufunga barua pepe zao. Usiri wao usitegemee kumbukumbu zao. Lakini ufutaji huo ni mkali, na kwa hiyo onyo la kuhifadhi kazi kwenye flashi huonekana mapema, kwa herufi kubwa, na kwa maneno yaleyale katika kila kompyuta.

Kuna mambo mawili tunayoyapima kabla ya kuahidi chochote. La kwanza ni programu ya kupanga zamu, kwa kuwa baadhi yake hufanya kazi katika Windows pekee. La pili ni printa: zile zinazokubali AirPrint au IPP Everywhere, ambazo ni kanuni za kuchapa bila programu maalumu ya printa, huunganishwa na Linux bila kutafuta programu ya ziada, ilhali baadhi ya zile za zamani hukataa kabisa. Kuhusu macOS, ambayo nayo huulizwa, leseni yake inairuhusu katika mashine za Apple tu, kwa hiyo haiwezi kuwekwa katika kompyuta nyingine zilizopo.

Kwa upande wa Linux, sisi huchagua matoleo ya muda mrefu, kama Ubuntu 24.04 iliyotoka Aprili 2024 na yenye masasisho ya kawaida ya miaka 5. Matoleo yanayotoka kila baada ya miezi 6 yana mambo mapya mengi, lakini msomaji anayekuja mara moja kwa mwezi anahitaji kukuta vitufe pale alipoviacha.

Iwapo maktaba yako inafikiria mabadiliko haya, tunaomba utuandalie orodha ya kompyuta zilizopo pamoja na prosesa na RAM za kila moja, aina za printa, jina la programu ya kupangia zamu, na kumbukumbu ya wiki mbili ya kazi ambazo wasomaji huja kufanya, bila kuandika majina yao. Kwa taarifa hizo tutapendekeza mgawanyo wa viti, kisha tutaanza na kompyuta mbili tu za Linux zitakazokaa ukumbini pamoja na zile zilizopo, huku wakutubi wakituandikia kila swali linaloulizwa na wasomaji. Kompyuta zilizobaki hatutazigusa hadi maswali hayo yawe yamepata majibu.