Harambee kwa ajili ya mgongo wa binti yetu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Hapa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mnamjua binti wa kwaya ya watoto ambaye kitu kikidondoka hainami kukiokota. Anachuchumaa, mgongo umenyooka kama ubao. Mgongo ulianza kumuuma mwaka jana. Wengine walilaumu madumu ya maji, wengine wakanong'ona uchawi (mnajijua). Hakukohoa hata kidogo, na makohozi yalipopimwa hayakuonyesha kitu. Alikuwa akikonda, homa ikimpanda jioni, usiku shuka linalowa jasho. Kibyongo kilipoanza kutokeza ndipo alipopelekwa Mbarara, na eksirei ikaonyesha pingili mbili zimeliwa: TB ya mgongo.

Kijidudu ni kile kile cha kifua kikuu. Husafiri kwa damu na kutua mfupani, na katika mifupa yote hupenda zaidi uti wa mgongo. Pingili zikibonyea, au usaha ukibana mishipa ya fahamu, miguu hulegea na hata mkojo haushikiki. Binti ameshaanza kujikwaa, ndiyo maana hatuwezi kungoja mavuno.

Dawa zenyewe ni bure katika vituo vya serikali, na ameshaanza: miezi 12, asiruke hata siku moja. Fedha tunazotafuta ni za nauli yake na mama yake kwenda kliniki Mbarara, picha ya MRI, mkanda wa kushikilia mgongo, na chakula cha maana. Lengo ni shilingi 1,900,000. Mkononi tuna 640,000.

Kwa wazazi waliowaondoa watoto wao kwenye benchi lake: picha ya kifua ilitoka safi. TB iliyo mfupani peke yake haiambukizwi kwa kukaa pamoja wala kuimba pamoja. Warudisheni kwa mwenzao.

Harambee ni Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili. Asiye na fedha alete maharage, mahindi, kuku au mkungu wa matoke. Tutavipiga mnada hapo hapo uwanjani. Na kama nyumbani kuna mtu ambaye mgongo, nyonga au goti limemuuma wiki kadhaa bila kupona, hasa akiwa anakonda, siku hiyo VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) watakuwepo, njoo naye.

Mtakaotuma kwa simu, namba ya mweka hazina iko kwenye ubao wa kanisa. Dai risiti yako.