Barua kwa Mutiso: Rejeta na AC ya Impreza

Nairobi

Ndugu Mutiso,

Salamu nyingi kwako na kwa watu wa nyumbani. Nimesoma ulivyoieleza Subaru Impreza yako: WRX STI, injini ya EJ20 yenye turbo, gia za mkono, joto linapanda ukipanda mlima kuelekea Limuru, AC inapuliza upepo wa vuguvugu, na fundi anataka kuitoa thermostati, ile vali inayodhibiti maji ya kupoza injini. Usikubali. Sikiliza kwanza.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Maji ya sufuria hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Thermostati halisi ya injini yako huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, ikawa wazi kabisa kwenye 91. Bila presha, basi, ungebakiwa na nyuzi tatu tu kabla maji hayajachemka. Kinachokulinda ni kifuniko cha presha cha mfumo wa maji. Kikishika presha ya baa 1.1, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Kifuniko kikichoka, au hosi ikivuja kidogo tu, presha inatoroka, maji yanachemka kando ya hedi (kichwa kinachofunika silinda), na mvuke haupozi chuma. Ukiongeza kwamba hewa yetu ni nyepesi na inabeba joto kidogo kuliko ya pwani, utaona kwa nini gari lililotulia Yokohama kule Japani linaweza kukusumbua hapa.

Kutoa thermostati hakurudishi presha. Injini itakuwa baridi mno ukiwa kwenye barabara ya Southern Bypass, kompyuta itaongeza petroli ikidhani haijapata moto, na kasoro yenyewe itabaki palepale.

Kabla ya kununua chochote, angalia joto linapanda lini. Likipanda kwenye foleni na kushuka gari likitembea, shuku feni: waya, rilei, au mota iliyokufa. Washa AC gari likiwa limesimama. Feni zote mbili zinapaswa kuzunguka. Likipanda mlimani au kwa mwendo mkubwa, kama lako, shuku rejeta iliyoziba, presha inayopotea, au gasketi ya hedi. Hiyo gasketi ipimwe mapema. Kuna kifaa chenye dawa ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Dawa ikigeuka njano injini ikinguruma, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Mapovu yasiyokoma kwenye chupa ya akiba ni dalili hiyohiyo. Hapo rejeta mpya haitakusaidia, na ni heri ujue kabla pesa hazijatoka.

Kisha mwambie fundi apampu mfumo mpaka baa 1.1 injini ikiwa baridi, aache dakika kumi. Sindano ikishuka, tafuta uchafu mweupe au wa kijani uliokauka kwenye hosi, chini ya pampu ya maji, na hasa pale tangi la plastiki la rejeta linapobanwa kwenye alumini. Plastiki hiyo huzeeka, ikabadilika rangi, ikapasuka ufa mwembamba unaofunguka ikiwa moto tu. Ndiyo maana chini ya gari pakavu asubuhi.

Sasa vipuri. Nunua rejeta mpya. Ya kutoka gari lililobomolewa ina umri uleule wa plastiki. Chukua hosi ya juu na ya chini, klipu mpya, thermostati halisi ya Subaru na gasketi yake, na vifuniko viwili. Vifuniko hivyo si sawa: cha tangi dogo la alumini lililo juu ya injini ndicho kinachodhibiti presha, na cha kwenye rejeta kina springi nzito zaidi. Vikibadilishana nafasi, mfumo mzima unavurugika. Wauzaji wa Kirinyaga Road watakuonyesha thermostati za bei nafuu. Pima upana wake dhidi ya ile halisi. EJ20 huweka thermostati upande wa maji yanayoingia, chini ya pampu, na ile nyembamba huchelewa kuitikia, joto likawa linapanda na kushuka.

Kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, nunua ya kutosha lita 8, ya aina inayofaa magari ya Kijapani, isiyo na silikati. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini kabisa, yale ya betri. Maji ya kisima usiyaguse, yana madini mengi. Hapa hatuna barafu, lakini kulanti ndiyo inayozuia alumini isiliwe.

Kazi yenyewe haina siri. Injini ipoe kabisa, toa kinga ya chini, fungua koki ya rejeta. Chomoa plagi za feni, toa hosi, kisha zile bano mbili za juu. Rejeta inainuka kutoka kwenye mipira miwili inayoikalia chini. Ile mipira irudishwe, maana bila hiyo rejeta inatikisika mpaka inapasuka. Kifuniko cha thermostati kina bolti mbili ndogo zinazokatika kirahisi kwenye pampu, kwa hiyo zikazwe polepole, kwa zamu. Kile kipini kidogo cha thermostati kielekezwe juu, hewa ipite.

Pampu ya maji inaendeshwa na mkanda wa taimingi. Kama mkanda unakaribia kilomita 100,000, au historia yake haijulikani, badilisha pampu, mkanda na roli zake kwa pamoja, na gasketi ya chuma ya pampu. Kazi ya kufungua ni ileile.

Kutoa hewa ndiko kunakoharibiwa na haraka. Pua ya gari iinuliwe, hita iwekwe kwenye moto kabisa, skrubu ya plastiki juu ya rejeta ifunguliwe. Mimina taratibu mpaka kulanti itoke kwenye tundu bila mapovu, funga, ujaze na tangi la juu. Iache injini ingurume kwa mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, kwa muda unaozidi dakika tano, zima, acha ipoe, ongeza. Hita ikipuliza baridi injini ikiwa moto, bado kuna hewa. Na sindano ya dashibodi usiitegemee sana: hukaa katikati hata joto likibadilika nyuzi nyingi. Tumia kisoma kompyuta ya gari.

Rejeta ikiwa nje, kondensa ya AC, ile rejeta inayopoza gesi yake, iko mbele yako. Osha mapezi yake kwa maji ya presha ndogo, ukianzia ndani kwenda nje. Ukiona mafuta yamenata mahali, gesi inatokea hapo. Kondensa ikibadilishwa, badilisha pia kikausha unyevu na oringi zote, uzipake mafuta ya kompresa, ile pampu ya gesi ya AC. Aina ya mafuta imeandikwa kwenye kompresa yenyewe, usichanganye. Kagua pia mkanda wa nyuma, maana ndio unaoizungusha kompresa.

Kabla ya kujaza gesi, mfumo uvutwe hewa kwa dakika 30 au zaidi, halafu uachwe kimya dakika 20 sindano isipande. Fundi aliyezoea vitabu atatafuta utupu wa inchi 29 za zebaki kwenye geji. Hapa Nairobi haifiki; husimama kwenye 24 hivi kwa sababu ya mwinuko, na mtu anaweza kufukuza uvujaji usiokuwepo. Gesi ni R134a, ipimwe kwa mizani kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko chini ya bonneti. Ikizidi, presha inapanda, kondensa inakuwa moto zaidi, na joto hilo linaenda moja kwa moja kwenye rejeta iliyo nyuma yake. Atakayekuletea mtungi usio na jina, mrudishe nao. Baadhi hujazwa gesi inayowaka moto.

Asubuhi ya kwanza baada ya kazi, kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha tangi la juu uangalie kiwango. Kikishuka kidogo, ongeza. Kikishuka tena kesho yake, rudi kwenye kipimo cha presha kabla ya kupanda Limuru.

Wako,
Odhiambo