Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: Urani ya Mkuju na maji yaliyoileta

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Mengi yamesemwa juu ya ajira, mrabaha na mionzi. Ombi langu linatokana na jinsi madini hayo yalivyofika pale.

Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yaligongana yakawa bara moja kubwa, Gondwana. Milima iliinuka kwenye ukanda wa mashariki mwa Afrika, na miamba yake ilikuwa na urani kidogo mno, iliyotawanyika. Ingebaki hivyo, nani angeichimba? Lakini tangu miaka kama milioni 300 iliyopita, Gondwana ilianza kuvutwa na kupasuka. Mabonde ya ufa yalididimia, mito ikayajaza mchanga uliomomonyoka nyanda za juu. Ndiyo miamba ya Karoo, jamii moja na ile yenye makaa ya mawe ya Ngaka.

Kazi iliyobaki ilifanywa na maji. Maji yenye oksijeni huyeyusha urani na kusafiri nayo katika vinyweleo vya mwamba wa mchanga. Yakikutana na mabaki ya mimea ya kale, oksijeni huisha, na urani hujitenga na kubaki mwambani. Polepole, kwa muda mrefu usiopimika kwa umri wa binadamu, hujilimbikiza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunachimba ndani ya njia ya maji. Mwamba uliopitisha maji yale unaweza kupitisha maji leo, na mito ya eneo hilo inaelekea Rufiji. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe kwa ajili ya mradi huu. Taifa limeshatoa kikubwa. Wananchi wana haki ya kujua hali ya maji yao.

Naomba vipimo vya visima na mito katika vijiji jirani, kama Likuyu Seka, vichapishwe kabla uchimbaji mkubwa haujaanza, kisha kila msimu, kwa Kiswahili. Pia wajiolojia wa GST, taasisi ya serikali ya jiolojia, watoke Dodoma na ramani za maji ya chini ya ardhi, wazifafanue kwenye mikutano ya vijiji na kujibu maswali hadi yaishe. Majibu hayo yaandikwe kwenye mihtasari ya vijiji, nakala ibaki kwa mtendaji.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa jiografia, Ruvuma