Gari limefeli kipimo cha moshi? Usikimbilie kununua masega

Wanaotuletea karatasi za ukaguzi hapa gereji wengi wao ni wenye magari yanayotafuta kazi: Noah ya kubeba wafanyakazi wa kiwanda, Hiace ya mkataba na shirika, pikapu inayotakiwa kuingia mgodini. Breki zimepita, taa zimepita, matairi yamepita. Moshi umefeli. Na swali la kwanza la mwenye gari karibu kila mara ni lile lile: "Fundi, masega mapya shilingi ngapi?"

Huwa tunamwambia asubiri kwanza. Masega, yaani kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi (catalytic converter), ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote vinavyohusika na moshi wa gari la petroli, na ni nadra yafe yenyewe. Yakifa, kuna kitu kimeyaua. Ukifunga mengine bila kukitafuta hicho kitu, ndani ya miezi michache umerudi palepale, na hela imekwenda.

Fikiria gari lako lilikotoka. Magari mengi tunayoendesha hapa Dar yametumika Japani, ambako gari dogo la binafsi likishatimiza miaka mitatu hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka miwili, na moshi ni sehemu ya ukaguzi huo. Kwa magari madogo ya petroli ya miaka ya karibuni, kikomo chao injini ikizunguka bila kukanyagwa ni CO (gesi ya kaboni monoksidi) asilimia 1 na HC (petroli isiyoungua) ppm 300, yaani sehemu 300 kwa milioni. Gari lako lilipita kwenye kipimo hicho, pengine zaidi ya mara moja. Kwa hiyo likifeli leo, tunajiuliza limefanywa nini tangu lishuke bandarini. Na kwa tunayoyaona gereji, kingi kilichoharibika kimeharibiwa na spana.

Kabla hatujafungua boneti tunasoma karatasi. Usiitupe, na usituletee picha ya simu iliyokatwa nusu. CO ikiwa juu maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa inayoingia. HC ni petroli iliyotoka bila kuungua. Ikiwa juu peke yake, mara nyingi injini ina misi, yaani kuna silinda isiyochoma petroli yake vizuri. Oksijeni ikiwa nyingi, ama kuna silinda haichomi, ama ekzosi inavuja na kunyonya hewa ya nje. Lambda inajumlisha yote: ikikaribia 1, hewa na petroli vimelingana, ikishuka chini ya hapo, gari linakula mafuta zaidi ya linavyohitaji. Fundi akishavisoma vipimo hivi vinne kwa pamoja, anajua aanzie wapi.

Tutoe mfano wa Vitz moja. Karatasi ilisema CO 2.3, HC 280, lambda 0.93. Petroli nyingi, lakini misi hakuna. Fundi wa kwanza alishamwambia mwenye gari masega yamekufa. Sisi tuliliwasha tukakaa tukitazama dashibodi. Vitz nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Gari la kawaida kwa joto la Dar taa hiyo huzima baada ya dakika chache. Hii iliwaka muda mrefu hadi mwenyewe akashtuka, kisha ikazima, tukatoka nayo barabarani, ikawaka tena. Kwenye mashine ya kupimia, joto la maji halikufika hata nyuzi 60.

Thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, ilikuwa imetolewa. Feni ya rejeta nayo ilikuwa imeungwa direkti, inazunguka tangu ufunguo unapogeuzwa. Ukimuuliza aliyefanya hivyo atakwambia alitaka gari lisichemke. Tunaelewa hofu hiyo, jua la hapa si la mchezo. Lakini injini ile imetengenezwa ifanye kazi thamostati ikifunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikikaa baridi, kompyuta ya gari inaamini ndiyo kwanza limewashwa asubuhi, inaendelea kuongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, inateremka hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili inakuwa nyepesi, halafu mvuke wa petroli hiyo unarudi kuchomwa tena. Mwenye gari analalamika linakula mafuta, anaambiwa ni foleni za Barabara ya Mandela.

Tulifunga thamostati mpya, tukarudisha waya wa feni kwenye swichi yake, tukamwaga oili. CO ikashuka hadi 0.3. Masega yake ya Japani hayakuguswa na bado yamo.

Tumekaa sana kwenye hili kwa sababu ndilo tunalokutana nalo zaidi, na ndilo rahisi zaidi kutengeneza. Kama gari lako limewahi kuchemka na likatengenezwa haraka haraka njiani, muulize fundi wako swali moja: thamostati ipo?

Kinachofuata kwa wingi ni misi. Plagi za bei rahisi zenye maandishi ya kampuni maarufu zimejaa madukani, koili inachoka, nozeli inachuruzika. Silinda moja isipochoma, petroli yake inakwenda mbichi hadi kwenye masega na kuungulia humo. Masega ni kauri yenye matundu membamba, yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na huanza kazi yakifika nyuzi 250 hadi 300. Yakivuka nyuzi 1,000 kwa sababu ya petroli inayowaka ndani yake, yanaharibika, na mwisho kauri inayeyuka na kuziba. Hapo gari linakosa nguvu, haliwezi kupanda hata kilima kidogo. Ndipo unapoisikia ile kauli: "Bosi, masega yameziba, tuyatoe tu, gari litakuwa jepesi."

Na kweli linakuwa jepesi. Misi imebaki vilevile, ila sasa hakuna kinachoisafisha, na petroli yote mbichi inatoka nyuma hadi kwenye pua ya mkaguzi. Taa ya injini ikiwaka, kuna wanaochomoa balbu yake. Kazi ya namna hiyo hatuifanyi hata mteja akiomba.

Tuseme pia jambo ambalo wenye gereji hatupendi kulisema hadharani: masega yana soko. Wapo wanaozunguka gereji wakiyanunua kwa sababu ya madini yaliyomo, kwa hiyo anayekushauri kuyatoa anaweza kuwa na sababu yake. Yakilazimika kutoka, yaangalie, yapige picha, uondoke nayo. Ni mali yako.

Kujua kama yamekufa kweli si kazi ya kubahatisha. Tunayagonga kwa nyundo ya mpira tusikie kama kauri imevunjika ndani. Tunapima mgandamizo wa moshi kupitia tundu la sensa ya oksijeni ya mbele, ile inayopima hewa iliyobaki kwenye moshi kabla ya masega. Mwisho tunapima gesi injini ikiwa moto na misi imeshaondolewa. Lambda ikiwa sawa na CO au HC bado iko juu, hapo tunakubali masega yamechoka, na hapo ndipo tutakupa bei.

Kuna kitu kidogo kinachowadanganya hata mafundi wazoefu: tundu la ekzosi kabla ya sensa. Gasketi ya manifodi ikikatika, au mchomeleaji akiacha ufa, hewa ya nje inaingia, sensa inaripoti hewa ni nyingi, kompyuta inamwaga petroli kufidia. Kwenye karatasi utaona CO na oksijeni vyote viko juu kwa pamoja. Sensa mpya haitasaidia. Gasketi mpya au uchomeleaji wa nusu saa unatosha.

Kwa magari ya dizeli mambo ni mafupi zaidi, maana kipimo chao ni weusi wa moshi unapokanyaga mafuta ghafla. Moshi mweusi: anza na ea klina, kisha bomba za tabo kama zimechanika, kisha nozeli. Moshi wa bluu ni oili, na hapo tunazungumzia ringi, sili za valvu au tabo, jiandae kifedha. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Kusingizia mafuta tu hakutoshi, kwani nchi za Afrika Mashariki zilishuka kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi ppm 50 tangu 2015. Dizeli ya kwenye madumu ya barabarani ni habari nyingine. Hiyo hata sisi hatuwezi kuitetea.

Ukienda kupima, lipeleke gari likiwa limetembea dakika 20 au zaidi, si kutoka nyumbani mtaa wa pili. Ukikuta foleni ndefu, usiliache likiunguruma saa nzima. Lizime, uliwashe ukikaribia na ulikanyage kidogo ili masega yapate joto tena. Kama oili imepitiliza kilomita zake, imwage siku chache kabla. Na usimruhusu mtu achomoe betri asubuhi ya kipimo ili kuzima taa ya injini: kompyuta inasahau marekebisho yote iliyojifunza, na gari linaweza kupima vibaya kuliko lilivyokuwa.

Kwetu, gari lililofeli linapimwa gesi likiingia na likitoka, na karatasi zote mbili unapewa. Hatubadilishi kifaa kabla hujaonyeshwa kwa nini, na spea za zamani zinarudi kwenye buti lako. Leta karatasi ya kituo, kitabu cha sevisi kama unacho, na petroli angalau robo tangi, maana kipimo cha barabarani tunakifanya na wewe ukiwa ndani.