Sita ya mtoto wa seli mundu si sita ya mwingine

Mhariri,

Mama asiyejua mambo ya maabara akipotoshwa na karatasi ya majibu, hana kosa. Mimi ni fundi wa maabara hapa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, mwaka wa 16 huu, na karatasi hiyohiyo nusura ituondolee mtoto.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 9 na ana seli mundu, au sikoseli kama tulivyozoea kuiita. Aprili alishikwa na homa, kifua kikambana. Mimi nilikuwa Fort Portal, kwa hiyo dada alimkimbiza kliniki ya jirani. Wakampima ESR, ikatoka 6. "Mama, damu iko safi, haya ni maumivu yake ya siku zote," akaambiwa, akapewa vidonge vya maumivu. Kesho yake mtoto alikuwa anahema kwa mbavu. Tulilazwa wiki nzima kwa nimonia.

Hiyo 6 naijua. ESR tunasimamisha damu kwenye mrija wa kioo na baada ya saa moja tunasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe wa ndani, chembe hushikana kama sarafu zilizopangwa, zikawa nzito, zikashuka haraka. Sasa jaribu kupanga miundu mitano kama sarafu uone. Chembe za mtoto huyu, nyingi zimepinda kama mundu, hazipangiki, basi hushuka polepole hata akiwa mgonjwa mahututi. Na mimi, kusema kweli, nimewahi kutia sahihi majibu ya namna hiyo bila kuandika neno pembeni.

Chembe nyeupe nazo hupotosha kwa upande wa pili. Kawaida ya mtu mwingine haizidi sana 11,000 kwa mikrolita moja ya damu. Wengi wa watoto hawa wana zaidi ya hapo wakiwa wanacheza mpira. Tena baadhi ya mashine huhesabu chembe nyekundu changa zenye kiini kana kwamba ni nyeupe. Huyu wetu amechomwa sindano za bure mara ngapi sijui, eti "damu ina infekisheni". CRP, ile protini inayotoka kwenye ini na kupanda mwili ukiwa na maambukizi, afadhali kidogo, lakini kwao mara nyingi iko juu hata siku za heri, hupanda zaidi maumivu yakianza, na malaria pia huipandisha. Huku kwetu malaria haina likizo.

Si kwamba tuache kupima. Naomba vituo viandike vipimo vya mtoto siku akiwa mzima, anapokuja kliniki ya kawaida: himoglobini (Hb), chembe nyeupe, na CRP pale inapopatikana, pamoja na tarehe. Akianza dawa ya seli mundu iitwayo haidroksiyurea aandikiwe upya, maana dawa hiyo hushusha chembe nyeupe. Na homa ichukuliwe kuwa dharura hata karatasi ikisema nini. Wengu wa watoto hawa, unaochuja vijidudu kwenye damu, huharibika mapema, na vijidudu vya nimonia havisubiri majibu.

Wilaya yetu haina kisingizio cha ugeni. Watafiti Lehmann na Raper waliandika mwaka 1949 kwamba karibu 45% ya Baamba, watu wa huku kwetu, waliowapima walikuwa na chembechembe za urithi huu. Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa 2016 ulikuta 13.3% ya watoto waliopimwa ni wabebaji, yaani wana urithi huu bila kuugua. Kwa idadi hiyo, kila fundi wa maabara Uganda ameshashika damu yenye urithi wa seli mundu, akijua au asijue.

Daftari la mtoto wetu ni lile la shule la kurasa 32, limefungwa kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, lisilowe. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Akiwa mzima: Hb 7.4, nyeupe 13,800. ESR msiiamini." Dada ameagizwa asilitoe daftari hilo mkononi mwake mpaka aliye zamu asome mstari huo mbele yake.

Fundi wa maabara,
Bundibugyo