Malalamiko kuhusu kufunguliwa kwa jengo la ofisi bila kuwashirikisha wapangaji

Kamati ya Wapangaji,
Nairobi.

24 Agosti 2020

Meneja,
Kampuni ya Usimamizi wa Majengo,
Nairobi.

Kwa Meneja,

KUH: KUREJEA KAZINI KATIKA JENGO MNALOLISIMAMIA

Nimetumwa na wapangaji wenzangu niwasilishe kwenu malalamiko yetu juu ya namna mlivyoshughulikia kurejea kwetu ofisini tangu Serikali ilipoondoa, tarehe 7 Julai, marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi iliyowekwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Waraka mliobandika mlangoni unamtaka kila mpangaji anunue vitakasa mikono, apime joto la wageni wake na ahakikishe wafanyakazi wake wanakaa umbali wa mita moja na nusu. Hayo tumeyatekeleza bila kunung'unika. Kinachotusikitisha ni kwamba waraka huo umenyamaza kabisa kuhusu lifti, ngazi, vyoo vya pamoja na matangi ya maji, ambavyo viko mikononi mwenu na ambavyo tunavilipia ada ya huduma kila robo mwaka.

Jengo lina lifti mbili, lakini moja imezimwa tangu Aprili kwa maelezo kwamba watu wamepungua. Katika ile inayofanya kazi mmechora alama za kusimama watu wanne, jambo jema kabisa, ila wanaobaki nje hawakufikiriwa. Kila jioni ushoroba wa ghorofa ya tano hujaa watu bega kwa bega wakisubiri kuteremka, kwa kuwa kila mmoja ana haraka ya kuwahi matatu: gari la abiria 14 sasa linabeba wanane tu, na anayechelewa mjini huenda kafyu ya saa tatu usiku ikamkuta njiani. Tulipopendekeza ofisi zipishane saa za kufika na kuondoka, tukajitolea hata kuandaa ratiba, afisa wenu alitujibu kwamba saa za kazi za wapangaji si shauri la kampuni. Ni shauri lenu, kwa sababu ninyi pekee ndio mnaojua idadi ya watu wa jengo zima, na zamu ya ofisi moja haina maana ikiwa ofisi jirani inafunga saa ile ile.

Linalotutia hofu zaidi ni maji. Ghorofa za juu zilikaa tupu kuanzia mwishoni mwa Machi, na maji yakalala mabombani kwa miezi. Maji yaliyotuama hivyo hupungukiwa na klorini na huweza kuzalisha bakteria wa Legionella, ambao huingia mapafuni kupitia matone madogo ya maji na kusababisha nimonia kali. Wapangaji wa ghorofa ya sita walipofungua mfereji wa kunawia mikono yalitoka maji ya rangi ya kutu yenye harufu; fundi mliyemtuma aliyaacha yatiririke katika mfereji huo mmoja hadi yakatakata, kisha akaenda zake. Tunataka mabomba yote yasafishwe, matangi yaoshwe na kutiwa klorini, maji yapimwe maabara, nasi tuonyeshwe majibu. Vilevile, madirisha ya ngazi yaliyokazwa kwa skrubu yafunguliwe, na feni za vyoo zilizozimwa ili kuokoa umeme ziwashwe.

Pamoja na hayo yote, ankara ya robo hii imekuja na ada ile ile ya mwaka jana, ikiongezewa gharama ya "usafi maalumu" isiyoelezwa. Tena mmetoza kodi ya ongezeko la thamani kwa asilimia 16, ilhali kiwango ni asilimia 14 tangu tarehe 1 Aprili. Tulilieleza kosa hilo kwa simu na hadi leo halijarekebishwa.

Hatusahau kwamba mwenye jengo naye ameumia. Baadhi ya wapangaji wamehama, wengine wana malimbikizo ya kodi ya pango, na mkopo wa benki haungoji. Lakini biashara iliyofungwa hailipi kodi, na ofisi ambayo wafanyakazi wanaogopa kuingia ni sawa na iliyofungwa. Ndiyo maana tunaomba tukae pamoja, ninyi, mwenye jengo na kamati yetu, kabla ya tarehe 4 Septemba, mhandisi wenu akiwapo, tukubaliane ratiba ya zamu, siku ya kuwashwa lifti ya pili, kazi ya maji na mgawanyo wa gharama ulioandikwa. Ankara iliyosahihishwa itufikie kabla ya siku hiyo. Tarehe hiyo ikipita kimya, tutapeleka suala la maji kwa maafisa wa afya ya umma wa kaunti, na mengine kwa wakaguzi wanaosimamia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

Wako mwaminifu,

Mwenyekiti,
Kamati ya Wapangaji.

Nakala: Mwenye jengo; wapangaji wote.