Risala ya kikundi cha maombi cha wauza nafaka kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ndiye afisa wetu wa vipimo, baba Mchungaji, Padre, mwenyekiti wa soko, viongozi wa mtaa, majirani zetu Waislamu mliokubali kukaa nasi leo, wateja wetu, wamama na wababa, vijana wetu wa mikokoteni, Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Asalaam aleikum! Na wazee wetu mlioshuka kutoka mlimani, shimbonyi!

Kwanza tunamshukuru Mungu kwa uhai, pili tunakushukuru wewe mgeni rasmi kwa kukubali wito wetu. Tunajua una kazi nyingi. Na tuseme ukweli kwasababu leo tumeamua iwe siku ya kusema ukweli, siku nyingine gari lenu likionekana getini kuna visado, haya makopo yetu ya kupimia nafaka, vinafichwa chini ya meza na ndani ya magunia, na wengine kati yetu tuliosimama hapa tulikuwa tunaficha, leo tumekuita wenyewe na vyombo vyetu viko juu ya meza.

Mgeni rasmi, kikundi chetu ni cha wauza mahindi, maharage, mchele na mbogamboga. Tulianza watu saba tu, sa hizi tuko thelathini na moja. Tunakutana kila Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi kabla hatujafungua meza, wimbo mmoja, neno, maombi, alafu kila mtu anakwenda kwenye biashara yake. Tuko mchanganyiko. Kama unavyojua huu mlima wetu wamisionari waliugawana toka miaka ya 1890, Walutheri wa Leipzig wakaanzia Machame mwaka 1893, Wakatoliki wakaanzia Kilema na Kibosho, ndo maana mpaka leo ukisikia mtu katokea Machame unadhani ni Mlutheri na akitokea Rombo unadhani ni wa Roma, na kwenye kikundi wapo wote, pamoja na walokole na Wasabato ambao Jumamosi hatuwaoni kabisa na tunawalindia meza zao.

Sasa mimi katibu nimeombwa na wenzangu nieleze kilichotufikisha hapa, na nimewaambia nitaeleza kama kilivyokuwa.

Mimi nafundisha shule ya Jumapili usharikani kwetu, mwaka wa tisa huu. Mwanangu akiwa darasa la sita alipewa kazi ya nyumbani ya ujazo, apime vyombo vya jikoni vinaingia lita ngapi. Akachukua chupa ya maji ya lita moja akaanza kupima, sufuria, jagi, ndoo. Alafu akaona sado yangu ya biashara niliyorudi nayo jioni ile, akaipima na yenyewe. Kila mtu hapa anajua sado ni kopo la rangi la lita nne. Ile yangu ikaingia lita tatu na kidogo, maji yakamwagika. Akadhani amekosea akarudia mara mbili. Akaja jikoni akaniuliza, mama mbona sado yetu haifiki nne, na nikamjibu imebonyea kwenye mkokoteni. Akaigeuza akaangalia kitako kimeingia ndani vizuri kabisa mviringo, unaona kabisa kimegongwa na nyundo kwa utaratibu, akanyamaza. Alikuwa ananiita mama mwalimu siku za Jumapili kama watoto wenzake. Mgeni rasmi, ule ukimya wa mtoto sijausahau mpaka leo.

Kwa wasiojua ile hesabu niwaeleze, maana wateja mna haki ya kujua. Debe ni lita ishirini, yani linatoa sado tano. Ukibonyeza kitako, debe lilelile linatoa sado sita. Kwaiyo kila debe nilikuwa nachukua sado moja ambayo sio yangu, kwa mama aliyekuja na hela ya sado moja ya maharage ya watoto wa wiki nzima. Na sikuona kama ni wizi, hapa naomba mnielewe. Nilikuta wenzangu wanafanya, yule niliyenunua kwake meza aliniachia na ile sado ikiwa tayari imegongwa, nikaona ndo biashara ilivyo. Natoa fungu la kumi vizuri, tena na la ile sado ya sita nilikuwa nalitoa.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya neno. Nilikuwa nimeandaa mambo ya maombi ya kufunga, nikashindwa, nikaiweka ile sado mbele ya wenzangu nikaigeuza kitako juu. Hakuna aliyeongea muda mrefu. Alafu mama mmoja mtu mzima, tunamuita Bibi, akaenda kwenye meza yake akarudi na ya kwake. Asubuhi ile tulipima vyombo vya watu saba kwa chupa ya maji, vitano vilikuwa vimegongwa. Na wale wawili ambao sado zao zilikuwa nzima mmoja alisema, jamani yangu nzima kwasababu mimi nadanganya kwenye mchele wenyewe, nachanganya mzuri na hafifu. Tukalia mgeni rasmi, watu wazima.

Siku ile tulisoma Amosi sura ya nane. Kuna watu pale wanauliza sabato itaisha lini ili wafungue ngano wauze, wapunguze kipimo na waongeze bei, wadanganye watu kwa mizani. Yani wamekaa ibadani wanawaza meza! Nimeisikia ile sura kanisani mara nyingi tu nikidhani inasemwa kuhusu Waisraeli wa zamani.

Kunyoosha vitako ilikuwa kazi ya nusu saa kwa fundi bati. Kazi ilikuwa kwenye kurudisha. Zakayo alisema kama amenyang'anya mtu kwa hila anamrudishia mara nne, na tulikaa Alhamisi nne tunabishana juu ya huo mstari. Zakayo alikuwa na daftari, alijua kamtoza nani. Sisi tutamrudishia nani? Mteja wa sado moja humjui jina, kaja kapita, wengine wameshafariki. Mmoja akasema basi tutubu tu yaishe Mungu anasamehe, na ni kweli anasamehe, lakini Bibi alikataa kabisa, akasema ukinila maharage yangu alafu ukaenda kuongea na Mungu peke yenu wawili mimi nimebaki na njaa yangu palepale. Hilo neno lilitumaliza wote.

Tukakubaliana ivi. Wale wateja tunaowajua kwa sura tuwaambie wenyewe, kwa mdomo, na tuwajazie. Ilikuwa ngumu jamani, mimi nilianza na mama ntilie anayechukua maharage kwangu kila siku, nikamwambia, akaniangalia akasema nilikuwa najua ila kila mahali ni ivo ivo. Alijua siku zote hizo na alikuwa ananisalimia Bwana asifiwe! Na kwa wale tusiowajua tukaamua kila mtu atoe sado moja nzima kila wiki, tunakusanya tunapeleka chakula kwa wagonjwa wasio na ndugu pale hospitali ya KCMC. Tulichagua pale kwasababu wagonjwa wanaletwa toka mbali, Manyara, Singida, Tanga, ndugu anaishiwa hela anarudi nyumbani mgonjwa anabaki. Ile hospitali ilipofunguliwa mwaka 1971 ilijengwa kwa jina la Shirika la Msamaria Mwema, na yule Msamaria alitoa hela yake mfukoni akamlipa mwenye nyumba ya wageni, hakuishia kumuonea huruma njiani. Hatuiiti sadaka, naomba hilo lieleweke kwa wanaotusifia, ni deni tunalipa.

Mgeni rasmi, ulizoea kuambiwa kwenye risala mafanikio alafu changamoto. Sisi vimechanganyikana. Kuna watu wanapenda kushuhudia kwamba ukiwa mwaminifu Mungu anakufungulia biashara inalipuka. Sisi hatuwezi kusimama hapa tukasema ivo. Sado ikiwa nzima bei yake inabidi ipande kidogo, mteja anapita meza ya kwanza anasikia bei, anaenda meza ya pili anapata sado ya bei ndogo iliyogongwa, ananunua kule. Miezi minne ya kwanza nilikuwa nafunga na mzigo. Wenzetu wawili waliondoka kwenye kikundi, hatuwalaumu, mmoja ana watoto wanne na Januari ilikuwa inakuja na ada na sare. Mmoja mtaji ulikata kabisa tukamchangia aanze upya na nyanya. Wateja walianza kurudi taratibu walipoona maharage ya kwetu yanafika mwisho wa wiki, ila mpaka leo kuna siku ni ngumu, hasa Desemba watu wakipanda toka Dar na mikoani kuja kula Krismasi nyumbani, kila mtu ananunua haraka bila kuangalia na wewe unaona jirani yako anavyouza. Desemba ndo tunaombeana kuliko kipindi cha Kwaresma.

Na tulipoanza kupima vyombo tukajikuta tunapima na mengine ambayo hatukuyatafuta. Alhamisi moja mama mmoja alisema yeye sado yake sasa iko sawa ila dada wake wa kazi ana miezi mitatu hajamlipa, na wiki ile ile alikuwa mkeshani na yule dada ndo alibaki na watoto. Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Kumbe wapo wengi. Sasa ni utaratibu wetu, kabla mtu hajakopa kwenye kikundi tunamuuliza dada wa nyumbani umemlipa, kijana wa mkokoteni umemlipa? Kama bado, mkopo wa kwanza unaenda huko. Wengine wanasema tunaingilia maisha ya watu, mimi nasema afadhali tuingiliane.

Alafu kuna lumbesa. Hapa naomba wenzangu wanunuzi wa jumla mnisamehe ila lazima lisemwe mbele ya afisa. Gunia ni debe sita, na sheria inasema mzigo usizidi kilo mia. Tunakwenda shambani tunamjazia mkulima gunia linaota kichwa, linashonewa wavu juu, linafika debe saba mpaka nane, tunamlipa gunia moja, tukirudi sokoni tunafungua tunapima kwa sado iliyogongwa. Yani mtu anaibiwa huku na mwingine anaibiwa kule na katikati nimesimama mimi na kanga yangu ya kwaya. Kikundi kimekubaliana hakuna mwanachama kununua lumbesa. Kwenye hili hatujashinda bado, dalali wa shambani anasema hutaki acha kuna anayetaka, na mara mbili wanachama wetu wamerudi na gari tupu na nauli imeshaliwa. Wazee wetu huku kwenye kahawa walianzisha umoja wao mwaka 1925, ukaja kuwa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, ili mkulima wa Kichaga auze kahawa yake pamoja na wenzake asipangiwe bei peke yake, na sisi wajukuu zao ndo tunaenda kumpangia mkulima wa mahindi wa mikoa ya jirani gunia la debe nane. Inauma ukifikiria ivyo.

Jirani zetu Waislamu tunawashukuru kipekee. Mzee wetu wa viungo pale kona, tulipomweleza tunachofanya alileta kopo lake tulipime, likawa sawasawa, akasema kwenye Kurani imeandikwa ole wao wapunjao, akatupatia na mizani yake ya kuazima miezi miwili bila hata shilingi. Mwezi wa Ramadhani sisi ndo tunafunga meza yake jioni awahi kufuturu.

Mwaka huu kwa michango yetu tumenunua mizani sita ya kuzungushiana na zote zimehakikiwa na zina stika, uthibitisho uko mezani unaweza kuangalia. Tunajua nyie mnasema nafaka iuzwe kwa kilo na si kwa kisado, tunakubali, ila mteja wetu amezoea sado, ukimwambia kilo anahisi unamzunguka, kwaiyo kwa sasa tunapima sado kwanza alafu tunaimwaga kwenye mizani mbele yake aone ni kilo ngapi. Wamama wengi wameshaanza kuulizia kilo wenyewe.

Maombi yetu kwako mgeni rasmi. Tunaomba mizani moja ya ofisi iwekwe pale getini, mteja akitoka apime mwenyewe bure alichonunua, hii itasaidia kuliko operesheni kumi. Tunaomba mje kuhakiki vipimo hapahapa sokoni kwa siku inayojulikana, mfanyabiashara wa meza moja akifunga siku nzima kupeleka mizani ofisini amekula mtaji. Tunaomba mkija na operesheni mshike na wanaojaza lumbesa kwenye maghala, msiishie kwa mama mwenye sado. Na baba Mchungaji na Padre, tunawaomba kwa heshima zote, siku ya mavuno watu wakileta magunia madhabahuni mtuulize yalipimwaje. Msiogope tutapungua.

Bibi yetu aliyeleta sado ya pili siku ile hayupo leo, yuko nyumbani Kilema mguu unamsumbua, ila kanipigia asubuhi kanikumbusha nisisahau kukupa ile zawadi. Ni sado, mgeni rasmi, ya mchele wa Chekereni, tumeijaza mbele ya watu wote na kitako chake kimenyooka, utaipima ofisini.

Aika sana. Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu, tunaomba kuwasilisha.